Mifuko ya Gati Kisimani

Ukimuuliza mtu yeyote wa kijiji cha Kerende, Gati anafanya kazi gani huko chuo kikuu, atakujibu bila kusita: anatengeneza utelezi. Wala hajakosea sana. Gati mwenyewe alikuwa akicheka akisikia hivyo, maana alishawahi kujaribu kuitaja kazi hiyo kwa jina lake, peptidi zinazojipanga zenyewe, na mama yake, Verdiana, akamwekea binti yake kiganja kwenye paji la uso kuona kama ana homa.

Basi akaeleza kwa shanga. Protini, alisema, ni uzi mrefu wa shanga, na peptidi ni kipande kifupi tu cha uzi huo. Kuna shanga zinazopenda maji na kuna zinazoyachukia. Ukizitunga kwa mpangilio unaofaa halafu ukazitia majini, zile zinazochukia maji zinakimbilia kujificha katikati, zinabanana migongo, na kabla hujamaliza kikombe chako cha chai zimekuwa nyuzi, nyuzi zimekuwa wavu, na wavu umeyashika maji yote yakaganda, ndio huo utelezi. Hakuna mkono unaosuka. Nyuzi zenyewe ni nyembamba mno. Unywele wa mtu ukiulaza kando yake ni gogo.

"Kama ng'ombe jioni," mama akasema. "Nani anamwonyesha ng'ombe mlango wa boma?"

"Hivyo hivyo, mama!" Gati akapiga makofi. Siku hiyo walicheka pamoja mpaka machozi yakawatoka, na kikombe kikatetemeka mkononi mwa mama, chai ikamwagika kwenye khanga yake. Hapo Gati akaacha kucheka, kwa sababu kutetemeka kule hakukuwa kwa kicheko.

Mikono ya Verdiana ilikuwa imeanza kutetemeka zamani. Juu ya kijiji, mlimani, wachimbaji wadogo walikuwa na mialo yao ya kuoshea mchanga wa dhahabu, na huko zebaki ya kukamatia dhahabu inamwagwa kama maji ya kunawa. Mvua ikinyesha inateremka nayo. Kisima cha chini ya jabali, kilichonywesha bibi yake Gati na bibi ya bibi yake, kilikuwa kinaipokea bila kelele. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na maji yalikuwa yanang'aa vizuri tu. Wataalamu walipokuja kupima, serikali ya kijiji ikakifunga kwa miiba, na akina mama wakaanza kupanda na kushuka kutafuta maji mbali, huku wakipita kando ya kisima chao wenyewe. Inauma, nakuambia, kupita na ndoo tupu kando ya maji yenu.

Ndiyo sababu Gati alibishana na shanga zile miaka yote ile. Mwishoni mwa kila uzi alifunga shanga moja yenye salfa, kwa kuwa salfa na zebaki zikikutana haziachani. Maabara ilipompa jibu zuri mara ya kwanza, alikimbia na chupa yake hadi kijijini, akachota maji ya kisima, akatia unga wa peptidi zake, akangoja. Wapi! Maji yakabaki maji. Unga ule uliojipanga vizuri katika maji masafi ya maabara ulikataa katakata katika maji ya kwao, yenye chumvi na chokaa ya jabali. Alirudi chuoni amebeba madumu ya maji ya Kerende kwenye basi, wenzake wakamtania kwamba huyu Mkurya anasafiri na kisima chake. Waache wacheke. Alitumia maji yale yale kila jaribio, akahamisha shanga hii kule na ile hapa, mpaka asubuhi moja alipogeuza chupa juu chini na utelezi usidondoke. Alikaa sakafuni akalia peke yake.

Sasa hapa inabidi nimlete Machage, mdogo wake, maana bila yeye hakuna habari ya kusimulia.

Kwa Wakurya, ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwolea kaka. Gati alipomaliza kidato cha sita aliolewa na Thadeo, mtu wa Morotonga kule Serengeti, na ng'ombe walioingia kwa ajili yake hawakulala sana zizini. Wakatoka kwenda kumleta Nice, mke wa Machage. Thadeo alikuwa na mkono mwepesi. Mara ya kwanza Gati alipokimbilia nyumbani, jicho limevimba, Machage alipiga magoti. Ndiyo, mwanamume wa Kikurya, akapiga magoti mbele ya mwanamke!

"Dada, ukimwacha, kwa Thadeo watadai ng'ombe wao. Nice atarudishwa kwao, na mtoto ananyonya. Nihurumie."

Gati akarudi Morotonga. Akakaa. Alikaa mpaka Thadeo mwenyewe alipohamia kwa mwanamke mwingine upande wa Sirari, na kwa kuwa aliyeondoka ni mume, hakuna aliyedai ng'ombe. Hapo ndipo alipokwenda chuo, mtu mzima miongoni mwa watoto. Hakuwahi kumkumbusha Machage jambo lile. Lakini moyoni alijua kwamba kila mtoto aliyezaliwa kwenye ile nyumba alizaliwa juu ya mgongo wake.

Kwa hiyo ilipofika siku ya kufungua kisima, angemwamini nani mwingine? Alishona mifuko midogo ya chandarua, akaijaza utelezi wake, akaipanga mdomoni mwa kisima ili maji yote yapite humo. Kijiko kimoja cha unga kinagandisha ndoo nzima. Baada ya majuma kadhaa maji yalipimwa na yakaonekana yanafaa. Mkutano wa kijiji ukaitwa pale pale jabalini. Watu hawakutaka karatasi za vipimo. Efrazia, jirani yao, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akasema, "Gati, sisi hatujui kusoma hayo. Kunywa tukuone."

Gati akachota kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, akakigeuza. Vigelegele! Miiba ikaondolewa siku hiyo hiyo.

Machage akawekwa kuwa mlinzi wa kisima. Gati alimfundisha kila kitu: kubadilisha mifuko ikichoka, kuipeleka ile ya zamani nyumbani kwenye pipa lenye kifuniko, na kuiyeyusha kwa maji ya majivu, kwa sababu utelezi ule ukikutana na maji makali ya majivu unafunguka, zebaki inatuama chini, inahifadhiwa ichukuliwe na watu wa chuo. Alimfundisha pia kuchota maji ya kupima na kuyatuma kwa basi. Majibu yalikuwa mazuri kila mara. Yalikuwa mazuri hata Gati akaanza kuyaonyesha kwa fahari kwenye mikutano ya wakubwa, na wakubwa wakaanza kuzungumzia visima vingine, Genkuru na kwingineko.

Likizo hii aliyokuja, alikuta mambo yamebadilika nyumbani. Nyumba ya Machage ina bati jipya la rangi. Pikipiki imesimama uani. Chini ya upenu pamepangwa madumu ya maji ya kununua, yanayoletwa na kijana wa toroli.

"Mambo safi, mura, kijana wetu!" Gati akamtania mdogo wake. "Siku hizi mnanunua hata maji?"

"Ah, uvivu wa Nice tu huo," Machage akajibu, akainama kukaza nati ya pikipiki ambayo haikuwa imelegea.

Gati alifurahi, jamani. Alimfurahia ndugu yake. Alikunywa chai ya mama yake akaisifu, na mama akamwongezea kikombe bila kumtazama usoni.

Mchana akateremka kisimani na unga mpya. Alitoa mfuko mmoja, akauweka juu ya jiwe, akaingiza mkono kutafuta mwingine. Alipogeuka, sisimizi walikuwa wameshapanga mstari kuja kwenye mfuko. Gati akawaangalia. Utelezi wake haujawahi kupendwa na mdudu yeyote. Akauinua mfuko puani. Ulinuka uchachu, harufu ya togwa iliyosahauliwa. Akaubonyeza. Ulikuwa mweupe, mzito, unanata vidoleni, na ule wake ni mwororo, unapenyeza mwanga.

Mwili ulijua kabla ya akili kukubali. Akapanda hadi duka la dawa, akanunua kichupa cha iodini ya kupaka vidonda, akarudi, akadondosha tone moja juu ya ule utelezi. Jambo hili kila mtoto wa sekondari amelifanya darasani. Tone likageuka buluu, kisha jeusi tititi.

Wanga. Wanga wa muhogo, uliopikwa, ukaachwa upoe, ukatiwa kwenye chandarua alichokishona kwa mkono wake. Akajaribu mfuko wa pili. Akajaribu wa mwisho. Yote ilikuwa uji.

Akakaa chini pale jabalini. Alikuwa hawazi kitu. Aliiona tu mifuko imejipanga pale mdomoni, inapitisha maji ya mlimani na kila kilichomo, na akakumbuka kikombe alichokigeuza mbele za watu.

Gati aliporudi nyumbani, Machage alikuwa anaosha pikipiki. Gati akamtupia mfuko miguuni.

"Hiki ni nini?"

Machage aliutazama ule weusi. Alikana kwa maneno mawili matatu, halafu akachoka kukana, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Dada, ilianza kwenye pipa. Niliyeyusha ile ya zamani kwa majivu, kama ulivyosema. Chini pakabaki vumbi linang'aa. Nikapeleka kwa mtu wa mwalo akanipimia. Dhahabu! Huo utelezi wako unakamata dhahabu, ile laini kabisa inayowapita wote na maji."

Gati akafumba macho. Salfa. Bila shaka. Salfa inaipenda dhahabu kama inavyoipenda zebaki, anayajua hayo, ameyafundisha. Haikumpitia akilini kwamba kisimani ingekuwapo ya kutosha kumtamanisha mtu.

"Ukachukua mifuko ukaipeleka mlimani."

"Kisimani ilikuwa inakamata kidogo mno. Huko kwenye mialo inakamata, dada, inakamata mpaka..." Aliona uso wa dada yake, akakatiza.

"Na maji uliyokuwa unanitumia nipime?"

Machage akayatazama madumu ya kununua yaliyopangwa chini ya upenu.

"Watu wanakunywa, Machage! Efrazia anakunywa. Watoto wa shule wanakunywa!"

"Walikuwa wanakunywa kabla hujaja na shanga zako," akasema, sasa kwa hasira, ile hasira ya mtu aliyekamatwa. "Wangekunywa tu. Mimi nina watoto wa kiume wanaokua. Binti ninaye mmoja tu. Ng'ombe wa kuwaolea hao wengine nitawatoa wapi? Utaolewa tena wewe?"

Alilisema kweli neno hilo. Mtu aliyemfanya arudi Morotonga na jicho lililovimba. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hapigi magoti kwanza.

Gati aligeuka kwenda jikoni kwa mama yake, kama alivyokwenda tangu akiwa mtoto kila alipoonewa. Verdiana alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mboga, majani yanamponyoka mikononi.

"Mama, Machage ametumaliza. Ameweka wanga kisimani."

"Najua," mama akasema.

"Unajua?"

"Nimepika mimi. Machage anajua kupika wanga?" Akaendelea kuchambua. "Niliweka maji kidogo ili ushike."

Ee Mungu wangu. Gati alishika nguzo ya jiko. Mwanamke huyu ambaye kwa ajili ya mikono yake Gati alibeba madumu kwenye basi, aliyeelewa habari za ng'ombe na boma, alikuwa amekoroga chungu kwa mikono hiyo hiyo inayotetemeka, akawawekea jirani zake kisimani, na yeye mwenyewe akanywa maji ya dumu.

"Mama, kwa nini?"

"Kwa sababu mji ni mwanamume, Gati. Wewe ni mwanangu, sikatai, lakini wewe ni wa kuondoka. Uliondoka. Machage akianguka, nani atakaa hapa? Nani atanizika?" Akainua macho kwa mara ya kwanza tangu Gati afike. "Sikiliza, mama. Wewe una kazi, una elimu, huwezi kupungukiwa. Kesho waambie watu dawa imeshindwa. Vitu vya kitaalamu vinashindwa kila siku. Wafunge kisima chao, yaishe. Usimtaje mdogo wako. Unawajua watu wa hapa. Wakijua watamchomea nyumba."

"Nikisema imeshindwa, hakuna atakayeniamini tena. Hapa, chuoni, popote. Kazi yangu yote imekufa."

"Ni kazi tu," mama akasema. "Mara ya kwanza ulivumilia."

Hapo ndipo Gati alipoelewa kwamba kumbe wanakumbuka. Miaka yote alidhani wamesahau ng'ombe wale, na akawasamehe kwa kusahau. Hawakusahau. Walijifunza kwamba deni lao laweza kulipwa kwa Gati.

Na nisiseme uongo: kulipokucha alikuwa ameshakubali. Ndiyo, msimshangae. Mtu akizoea kubebeshwa, bega lenyewe linajiinamisha. Alishuka kisimani akipanga maneno: maji yamebadilika, shanga zimeshindwa kushikana, nisameheni. Mama yake alimfuata nyuma kuhakikisha.

Akina mama walikuwa wameshafika na ndoo. Wa kwanza mdomoni mwa kisima alikuwa Lilian, mkwe wa Efrazia, binti mdogo, mimba imetangulia mbele yake.

"Shikamoo dada Gati," akasema, uso umechanua. "Nilikuwa naomba nikuone. Mama mkwe anasema kama si wewe, na tumbo hili ningekuwa nashuka hadi mto ule wa mbali. Tukijaliwa wa kike tutamwita Gati."

Akainama, akachota kwa kikombe, akakipeleka mdomoni.

Gati hakujua amefikaje. Alikipiga kile kikombe kikaruka, kikagonga jabali, maji yakamrukia Lilian kifuani.

"Msinywe," Gati akasema. Sauti ilimtoka ndogo, akarudia kwa nguvu. "Msinywe! Mtu yeyote asinywe!"

Akavuta mfuko majini, akaupasua, akaumwagia iodini mbele yao mpaka ukawa mweusi. "Huu si ule niliouweka. Huu ni wanga wa muhogo. Dawa yangu inafanya kazi, iko mlimani inakusanya dhahabu. Aliyeitoa ni ndugu yangu Machage. Aliyepika huu ni mama yangu, yule pale."

Vichwa vyote vikageuka. Verdiana alisimama wima, akaifunga khanga yake vizuri. Hakukana, wala hakuomba radhi.

"Mimi sina binti," aliwaambia watu. "Niliyekuwa naye alitoka na ng'ombe wakaingia. Yuko Morotonga." Akageuka, akapanda kuelekea nyumbani haraka kadiri miguu ilivyomruhusu, na wanaume wawili waliosikia kelele wakamtangulia mbio, mmoja akiwa ameshika panga.

Gati alidhani Efrazia atamshika mkono. Alidhani mmoja, hata mmoja, atasema ahsante kwa kusema kweli. Efrazia akamwaga ndoo yake, taratibu, mpaka ikaisha.

"Machage hatukumwamini sisi," akasema. "Machage tunamjua tangu utoto. Tulikuamini wewe. Wewe ndiye uliyekunywa ukageuza kikombe."

Gati alitaka kuwaambia habari ya maji ya dumu, ya vipimo vya uongo, kwamba na yeye ameuzwa kama wao. Yote yalikuwa kweli, lakini kikombe kile nacho kilikuwa kweli. Mmoja baada ya mwingine wakamwaga maji yao, maji yakateremka kati ya miguu yake, kisha wakabeba ndoo tupu wakaondoka.

Lilian peke yake ndiye aliyebaki, gauni limelowa, mikono yote miwili tumboni.

"Dada," akauliza, kwa adabu ile ile aliyomwamkia nayo, "na niliyokwisha kunywa je?"